Mwamba Mkongwe, Mlima Kijana: Jinsi Bara Hindi Lilivyopata Sura Yake

Ukiingia duka kubwa la Dar es Salaam au Nairobi siku hizi, utaikuta chumvi ya rangi ya waridi, imefungwa vizuri na bei yake imepanda. Pakiti inasema ni chumvi ya Himalaya. Kwa kweli haitoki kwenye milima ile ya theluji. Huchimbwa Khewra, katika Punjab ya Pakistan, kwenye safu ya vilima vikavu iliyo kusini kabisa mwa Himalaya. Pakiti haitaji umri pia. Chumvi hiyo iliachwa na bahari ya kale iliyokauka zaidi ya miaka milioni 540 iliyopita, kabla duniani hakujawa na samaki, seuze mti. Mashapo yakaifunika tabaka juu ya tabaka, ikasahaulika chini huko. Baadaye sana, ardhi ya kaskazini ilipoanza kusukumana, chumvi ile laini ikafanya kazi ya grisi: matabaka mazito yaliyokuwa juu yake yakateleza kuelekea kusini, yakapanda juu ya tambarare, na chumvi yenyewe ikaletwa hadi usoni mwa nchi.

Kitu cha kale sana kimeinuliwa na nguvu changa sana. Ndiyo habari ya Bara Hindi zima, na ndiyo sababu nina ugomvi na namna tunavyofundishwa jiografia yake. Mwanafunzi hupewa orodha: milima ya kaskazini, tambarare ya mito mikubwa, uwanda wa juu wa Deccan, jangwa la Thar, nyanda za pwani, visiwa. Anakariri, anapaka ramani rangi, anafaulu mtihani. Anatoka darasani akidhani kila rangi ni nchi mbali, iliyokamilika, isiyohusiana na jirani yake. Ukweli ni kwamba tambarare ni mlima uliosagwa, mlima ni sakafu ya bahari iliyokunjwa, na kilichoikunja ni ule uwanda wa kusini ambao orodha huutaja kwa haraka kana kwamba ni salio.

Tuanze basi na huo mkongwe. Rasi ya India, pembetatu ile inayochongoka kuelekea Bahari ya Hindi, imekaa juu ya miamba ambayo sehemu zake, kama za Dharwar kule Karnataka, zina zaidi ya miaka bilioni 3. Msomaji wa Geita hahitaji kuelezwa sana. Dhahabu ya Kolar, iliyochimbwa hadi kina cha zaidi ya kilomita 3 kabla migodi haijafungwa mwaka 2001, ilikuwa katika mikanda ya miamba ya kijani ya kale, ya aina ileile inayobeba dhahabu kusini mwa Ziwa Viktoria. Mapande haya ya ardhi ni magumu na mepesi kiasi cha kutozama. Yamepigwa, yamepasuka, yamemomonyoka hadi vilima vikawa vigongo, lakini hayajawahi kumezwa. Milima ya Aravalli, inayopita Rajasthan, ni masalia ya safu kubwa ya zamani. Leo kilele chake kirefu, Guru Shikhar, kina mita 1,722 tu.

Zamani India haikuwa mahali ilipo leo. Ilikuwa imebanwa katikati ya Afrika, Madagaska, Antaktika na Australia katika bara moja kubwa ambalo mwanajiolojia wa Austria, Eduard Suess, alilieneza kwa jina la Gondwana, jina lililotokana na nchi ya Wagond katikati ya India. Ushahidi mmojawapo ulikuwa jani. Mmea uitwao Glossopteris, wenye majani ya umbo la ulimi, umeacha alama zake kwenye mawe ya India, Afrika Kusini, Australia, Antaktika, na hata bonde la Ruhuhu kusini mwa Tanzania. Misitu ya zama hizo ndiyo iliyogeuka makaa ya mawe ya bonde la Damodar, kule Jharia ambako moto umekuwa ukiwaka chini ya ardhi tangu 1916, na ndiyo iliyogeuka makaa ya Ngaka na Mchuchuma kwetu. Pande zote mbili makaa yamesalia kwa sababu ileile: ardhi ilikatika kwa nyufa ndefu, vipande vikadidimia, na kilichodidimia kikaepuka mmomonyoko.

Vito navyo vinashuhudia. Mgongano wa kale uliounganisha Gondwana uliacha ukanda wa miamba iliyopikwa kwa joto na mgandamizo, kutoka kusini mwa India na Sri Lanka, kupitia Madagaska, hadi Msumbiji, Tanzania na Kenya. Yakuti za Ratnapura, za Ilakaka kule Madagaska zilizogunduliwa 1998, na za Tunduru zilizowavuta wachimbaji kwa maelfu katika miaka ya 1990, zote zimo katika ukanda huo uliokatwa vipande na bahari. Wanunuzi wa Sri Lanka walipofika Tunduru waliyakuta mawe wanayoyafahamu.

Kuvunjika kwa Gondwana kulichukua muda. India na Madagaska zilianza kujitenga na Afrika miaka kama milioni 160 iliyopita. India ikaiacha Madagaska miaka milioni 88 hivi iliyopita, kisha ikashika njia ya kaskazini kwa mwendo ambao mabara hayajazoea. Ilifikia sentimita 15 au zaidi kwa mwaka, urefu wa kalamu. Wataalamu bado wanabishana juu ya mbio hizo. Wengine wanasema joto lililopanda kutoka chini liliisukuma. Wengine wanasema sakafu ya bahari iliyokuwa mbele yake ilikuwa ikizama mahali pawili kwa wakati mmoja, hivyo ikawa inavutwa mara mbili. Mimi naiona hoja ya pili kuwa na nguvu zaidi, kwa kuwa msukumo wa joto ni wa kupita, na mwendo ule ulidumu mamilioni ya miaka.

Safarini, miaka milioni 66 iliyopita, India ilipita juu ya moto. Ardhi ya magharibi ilipasuka na lava ikatoka kwenye nyufa ndefu, ikatambaa kama uji, ikapoa, ikafuata nyingine juu yake, mara nyingi. Hakukuwa na mlima wenye tundu kama Ol Doinyo Lengai. Kilichobaki leo, baada ya mmomonyoko wote huo, bado kinafunika kama kilomita za mraba 500,000, zaidi ya nusu ya Tanzania, na karibu na ukingo wa magharibi unene wake unazidi mita 2,000. Anayepanda kwa treni kutoka Mumbai kwenda Pune anaziona lava hizo ubavuni mwa milima: ukuta mweusi, kisha kingo iliyolala, kisha ukuta tena, kama ngazi. Wanajiolojia waliziita kwa neno la Kiswidi lenye maana hiyohiyo ya ngazi.

Basalti hiyo ni ngumu lakini ina usawa, haipasuki ovyo, na wachongaji walilijua hilo mapema. Kule Ellora, katika karne ya 8, walianzia juu ya kilima na kushuka chini, wakiondoa mwamba na kuacha hekalu. Hekalu la Kailasa halikujengwa kwa mawe. Limeachwa ndani ya jiwe. Ukilizunguka unatembea ndani ya lava.

Mwamba huohuo ukioza huzaa udongo mweusi ambao Wahindi huuita regur, udongo wa pamba. Ukinyeshewa unavimba na kunata kwenye jembe. Ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Mkulima wa Shinyanga anaufahamu wa aina hiyo kwa jina la mbuga, na waliojenga uwanda wa Athi wanaufahamu kwa nyufa za kuta zao. Nyufa hizo kwenye shamba zina faida: udongo wa juu huangukia ndani, ukajigeuza wenyewe, na unyevu ukakaa chini miezi baada ya mvua kuisha. Pamba ya Maharashtra na Gujarat, na viwanda vya nguo vilivyoikuza Mumbai, ni matunda ya lava.

Moto wenyewe haukuzimika. Ulibaki mahali pake chini kabisa, na sakafu ya bahari ikaendelea kupita juu yake kama chapati inayovutwa juu ya jiko lenye mwali mmoja, ikibaki na alama za kuungua: Lakshadweep, Maldivi, Chagos, Mauritius. Leo mwali uko chini ya kisiwa cha Réunion, mashariki mwa Madagaska, na volkeno yake, Piton de la Fournaise, ingali inalipuka.

Ukingo wa magharibi wa rasi, pale ilipokatikia, ndio Ghats ya Magharibi: kilomita zipatazo 1,600 za ukuta unaotazama bahari, wenye kilele cha Anamudi, mita 2,695. Hapa pana jambo la mito linalowashangaza wanaoitazama ramani kwa mara ya kwanza. Mto Godavari unaanzia karibu na Nashik, kilomita kama 80 tu kutoka Bahari ya Uarabuni. Badala ya kushuka huko, unaipa bahari hiyo mgongo na kusafiri kilomita 1,465 kwenda Ghuba ya Bengali. Krishna unafanya vivyo hivyo. Sababu ni kuvunjika kule: ukingo wa magharibi uliinuka, rasi nzima ikainama kuelekea mashariki kama meza iliyowekewa kipande cha ubao chini ya miguu ya upande mmoja. Maji yalifuata mwinamo. Narmada na Tapi peke yake ndiyo mito mikubwa inayokwenda magharibi, kwa kuwa imepata mapito ya kale yaliyopasuka na kudidimia: Narmada kati ya Vindhya na Satpura, Tapi kusini mwa Satpura. Mwinamo huohuo ndio uliogawa pwani. Mashariki mito huleta matope na kujenga delta pana za mpunga. Magharibi pwani ni nyembamba, na bandari nyingi za asili ziko huko. Majahazi yaliyovuka kwa kaskazi kuja Mombasa na Unguja yaling'oa nanga upande huo.

Sasa mgongano. Kati ya India na Asia kulikuwa na bahari ya Tethys. Ilizidi kubanwa, sakafu yake ikazama chini ya Asia, na miaka kama milioni 50 iliyopita nchi kavu ikakutana na nchi kavu. Wapo wanaosema ilikuwa mapema, karibu na milioni 60, na wapo wanaoisogeza mbele. Hesabu inategemea unakubali nini kuwa ni kugusana. Bamba la sakafu ya bahari ni zito, huzama. Bara ni jepesi, halizami. Basi ule mwamba mkongwe ukajichomeka chini ya ukingo wa Asia, na kila kilichokuwa katikati kikakunjwa, kikakatwa, kikarundikwa. Ganda la dunia chini ya Tibet lina unene wa karibu kilomita 70, mara mbili ya kawaida.

Kilele cha Everest, mita 8,848.86 kwa kipimo kilichotangazwa na Nepal na China mwaka 2020, ni jiwe chokaa lenye mabaki ya viumbe wa baharini. Anayetaka ushahidi wa kushika mkononi hana haja ya kupanda huko. Katika Mto Kali Gandaki, Nepal, maji hubingirisha mawe meusi ya mviringo, laini kama yai. Ukilipasua moja, ndani unakuta mzunguko wa gamba la kiumbe wa bahari, pindo baada ya pindo. Ni amonaiti, jamaa wa mbali wa ngisi, aliyekufa katika Tethys. Wahindu huyaita mawe hayo shaligrama na kuyaheshimu kama alama ya Vishnu. Hupelekwa majumbani, huogeshwa, hutolewa sadaka. Kwangu sioni haja ya kuchagua kati ya heshima hiyo na jiolojia. Muumini na mwanajiolojia wamelitazama jiwe lilelile na kukubali kwamba si jiwe la kupita tu.

Huo Kali Gandaki unapita kati ya Dhaulagiri, mita 8,167, na Annapurna, mita 8,091, katika korongo lenye kina kisicho na wenzake wengi duniani. Mto utapasuaje safu ya milima mirefu hivyo? Haukuupasua mlima uliokwisha kusimama. Ulikuwapo kabla, na mlima ulipoinuka, mto uliendelea kukata kwa kasi ileile. Indus, Sutlej na Brahmaputra, mito yote inayoanzia upande wa Tibet, ina historia kama hiyo. Kuna wanaokwenda mbali zaidi na kudai kwamba mto unausaidia mlima kupanda: unapoondoa mzigo wa mawe, miamba ya chini inayosukumwa hupata nafasi na kuinuka haraka. Pale Nanga Parbat, ambako Indus unapita chini ya kilele cha mita 8,126, dalili zinaunga mkono hoja hiyo. Lakini nisingeikuza kuliko inavyostahili. Mto huamua mahali pa kuinuka, haulipii gharama ya kuinua.

Na mawe yanayoondolewa huenda wapi? Uzito wa Himalaya uliipinda India kwa mbele, kama ubao unaokanyagwa ncha moja, na mbele ya milima pakatokea shimo refu. Mito ikalijaza. Shimo hilo ndilo tambarare ya Indus, Ganga na Brahmaputra, ambayo mahali pengine mashapo yake yana kina cha kilomita kadhaa. Kufika chini ya mlima kokoto kubwa huachwa kwanza, katika ukanda ambao vijito vyake huzama na kupotea. Chini kidogo maji huibuka tena na kufanya kinamasi cha terai. Mbele zaidi ni mfinyanzi na mchanga laini, nchi ya ngano, mpunga na miwa. Tabia ya mito hiyo haitulii. Kosi, unaoitwa huzuni ya Bihar, ulihama zaidi ya kilomita 100 kuelekea magharibi katika muda wa karne mbili na ushei. Watu wakauwekea matuta. Tarehe 18 Agosti 2008 ulivunja tuta upande wa Nepal, ukarudi mashariki katika mkondo wake wa zamani, na watu kama milioni 3 wakajikuta njiani. Mto unaobeba mlima hauwezi kukaa mkondo mmoja, maana unauziba wenyewe.

Kisichobaki tambararani huenda Bangladesh, kwenye delta na mikoko ya Sundarbans, na kisichobaki huko huzama Ghuba ya Bengali. Ganga na Brahmaputra hupeleka kama tani bilioni 1 za mashapo kila mwaka. Chini ya ghuba hiyo yamerundikana kwa urefu wa kilomita 3,000 hivi. Sehemu kubwa ya Himalaya haipo tena juu, imelala baharini.

Mgongano huu ulibadilisha hata upepo, na hapa Afrika Mashariki inaingia kwa haki yake. Kusi inayovuma pwani yetu ikivuka Ikweta hugeuka na kwenda kuwa mvua ya India. Himalaya huzuia hewa baridi na kavu ya Asia ya kati isishuke kuichafua, na nyanda za juu za Kenya na Ethiopia hufanya ukuta upande wa pili, zikiubana upepo huo kuwa mkondo mwembamba wenye nguvu, kama John Findlater alivyoueleza mwaka 1969. Milima iliyoinuliwa na Bonde la Ufa inaelekeza maji ya mashamba ya Maharashtra.

Thar, pwani na visiwa vitosheke na machache. Kutch, kule Gujarat, hapana, kwa sababu wapo wengi Unguja na Mombasa ambao babu zao walitoka huko. Tarehe 16 Juni 1819 ardhi ilitetemeka, na katika nchi tambarare ya chumvi ukainuka ukuta wa udongo wenye urefu wa zaidi ya kilomita 80. Wenyeji, waliozoea mabwawa ya kujengwa na wafalme, wakauita Allah Bund, bwawa la Mungu. Mkono wa mashariki wa Indus, uliokuwa tayari umepunguzwa na mabwawa ya watawala wa Sindh, ukakatiwa njia. Bandari ya Lakhpat, iliyotajirika kwa maji hayo, ikakauka. Leo ina kuta ndefu na watu wachache. Wakutch tangu zamani walikuwa mabaharia, na karne ile ndiyo iliyowaona wakizidi kuja Zanzibar, ambako nyumba ya Jairam Shivji ilikodi ushuru wa forodha na Tharia Topan akaanza kujenga lile jengo la zahanati la Mizingani. Sisemi tetemeko ndilo lililowaleta. Nasema waliacha nyuma nchi ambayo mto wake ulikuwa umehama. Tarehe 26 Januari 2001 Kutch ilitetemeka tena, na watu kama 20,000 wakafa mbali kabisa na Himalaya. Mkongwe naye ana viungo vinavyouma.

Hapo ndipo orodha ya shuleni inapodhuru. Inaonyesha nchi iliyokwisha kuumbwa, na watu hujenga kwa imani hiyo. India bado inasonga kaskazini kama sentimita 5 kwa mwaka, na karibu sentimita 2 kati ya hizo hukusanyika chini ya Himalaya. Hazipotei. Hutoka kwa mkupuo: Kangra mwaka 1905, Nepal na Bihar 1934, Assam 1950, Kashmir 2005, Nepal tena tarehe 25 Aprili 2015, ambapo watu karibu 9,000 walifariki na bonde la Kathmandu, lililokaa juu ya matope ya ziwa la kale, likatikiswa kama bakuli la uji.

Kuna kipande kirefu magharibi mwa Nepal na katika milima ya Uttarakhand ambacho hakijapata tetemeko kubwa kabisa tangu 1505. Chini yake, kusini, ni tambarare ile ya mashapo laini, yenye Delhi na mamia ya mamilioni ya watu katika nyumba za matofali. Sentimita 2 kwa mwaka, kwa miaka 500, ni mita 10. Bado hazijatoka.